Kidevu Kilichomfunga Nyamhanga

Kabla hujapima taya la mtu aliyekufa, nawa mikono, sogeza kikombe cha chai mbali, kisha jiulize swali ambalo vitabu havikuulizi: mdomo huu ulipokuwa hai, wenyewe waliufanyia nini? Mimi sikujiuliza. Kwa ajili hiyo mwanaume mmoja alikaa mahabusu tangu wakati wa kupanda mpaka wakati wa kuvuna, na mahindi yake yakavunwa na ngedere.

Ninyi vijana wa maabara na vyumba vya maiti, mkija kunisalimia mnaleta sukari na maswali ya heshima. "Shikamoo bibi. Enzi zenu mlifanyaje bila mashine?" Tulifanya vibaya, wajukuu zangu. Wakati mwingine tulifanya vizuri, lakini hizo habari mmeshazisikia kwenye hotuba za kuwaaga wastaafu. Leo nawapa ile nyingine.

Cheti changu kilisema msaidizi wa maabara. Maana yake ilikuwa choo kwenye viberiti, mkojo kwenye chupa za soda, na damu kwenye vioo. Watu wote wa Tarime waliniita Nesi kwa kuwa nilikuwa mwanamke mwenye koti jeupe, na nilipowaeleza kwamba mimi si nesi walijibu, "Sawa, Nesi." Mifupa ilinijia kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa mlokole. Alisema maiti wenye nyama atawaosha wote, lakini mifupa mitupu inasubiri parapanda, na yeye hataki kuwa karibu siku ikilia. Hospitali yenyewe sitaitaja. Wakubwa wake wa siku hizi ni wepesi wa kukasirika.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Watu walitolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika milimani wakapangwa kwenye mistari, nyumba nyuma ya nyumba, kama wanafunzi wanaosubiri uji. Upande wa Itiryo, boma la zamani la mzee mmoja aitwaye Nyamhanga lilichaguliwa kuwa mahali pa shule. Shule ilianzia chooni, kwa sababu kiongozi wa chama alikuwa anakuja kukagua vyoo, si madarasa. Wakachimba. Shimo lilipofika kifuani mwa mchimbaji, sururu ikagonga fuvu.

Nyamhanga alikuwa Mkurya wa makamo, mfupi, mbishi, mwenye ng'ombe wachache na maneno mengi. Mkewe, Atieno, alikuwa Mjaluo kutoka upande wa Shirati. Miaka michache kabla ya watu kuhamishwa, Atieno alitoka asubuhi kwenda mnadani na hakurudi. Nyamhanga aliwaambia watu kwamba waligombana, na kwamba mama huyo amevuka Sirari akaingia Kenya. Kuhusu ugomvi majirani walikubali. Walikuwa wameusikia wenyewe, tena bure. Kuhusu Kenya walinyamaza. Sasa boma lake limetoa fuvu, na taya la chini la fuvu hilo halina meno sita ya mbele. Si kwamba yalidondoka shimoni. Mfupa ulikuwa umeziba, laini, kama haujawahi kuwa na meno pale.

Kila mtu wa Tarime alijua maana yake. Wajaluo wa zamani waling'olewa meno sita ya mbele ya chini walipofikia ujana. Basi kijiji kizima kilimaliza uchunguzi kabla konstebo hajafika.

Konstebo aliniletea mifupa kwenye gunia la pamba, nyuma ya baiskeli. Nikaitandaza juu ya meza. Fuvu lilikuwa limepasuliwa na sururu vipande vipande. Taya lilikuwa zima. Mbavu, mikono, miguu.

"Nyonga ziko wapi?" nikauliza.

"Nimeziacha shimoni, Nesi."

"Kwa nini?"

Akatazama mlango, akashusha sauti. "Ni mama wa watu. Nipiteje na nyonga zake Tarime nzima juu ya baiskeli?"

Wajukuu, nyonga ndizo husema wazi kuliko mfupa mwingine wowote kama mtu alikuwa mwanamume au mwanamke. Taya hunong'ona tu. Nikamrudisha konstebo mbio. Alikuta wachimbaji wameshamaliza choo, na udongo wote, pamoja na heshima ya mama wa watu, umemwagwa korongoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Nikabaki na taya.

Niwaambie namna ya kulishughulikia, maana hili bado lina faida. Udongo utoe kwa mswaki mkuukuu, si kwa kisu. Kausha kivulini, ukianika juani linapasuka. Pima likiwa kavu, mara tatu, na kati ya kipimo na kipimo ondoka mezani, kavute hewa. Vipimo vitatu vikilingana mno, jishuku, inawezekana unakumbuka badala ya kupima. Chombo changu kilikuwa kalipa ya gereji, miguu miwili ya chuma iliyopinda. Unabana mfupa katikati yake, kisha unapeleka upana huo juu ya rula. Fundi aliyeniazima alitaka kujua nitaipimia nini. Nilipomwambia, akasema nisiirudishe.

Nikapima kimo cha kidevu, kutoka ukingo wa juu yanapokaa meno mpaka chini kabisa. Milimita ishirini na tatu. Nikafungua kitabu cha Daktari wetu, kijana aliyesomea ng'ambo na kurudi na sanduku la vitabu na tai tatu. Kulikuwa na jedwali la watu wa huko. Videvu virefu safu ya wanaume, vifupi safu ya wanawake. Changu kilikuwa kifupi kuliko hata wanawake wao. Sikutazama kitu kingine. Nilifurahi, nasema kweli. Nikaandika mistari mitatu: mtu mzima, meno sita ya mbele ya chini yaling'olewa zamani, mwanamke. Daktari akatia sahihi akiwa amesimama.

Nyamhanga akakamatwa wiki ile ile.

Kama kesi ingetoka hapa ikapelekwa Musoma, ingekuwa ya mauaji, na mauaji yalikuwa na kamba mwisho wake. Nililijua hilo. Nililala vizuri tu.

Siku moja askari walimleta hospitali akitetemeka kwa malaria, pingu mkononi. Nilipomtoa damu kidoleni alinitazama usoni.

"Wewe ndiye Nesi wa mifupa?"

"Mimi si nesi."

"Sawa, Nesi. Wanasema umepima kidevu cha mke wangu."

"Nimepima kidevu kilichotoka bomani kwako."

"Kina urefu gani?"

Sikutakiwa kumjibu, lakini nilikuwa kijana na nilipenda kazi yangu. Nikamwonyesha kwa vidole viwili.

Nyamhanga akacheka mpaka askari akamgusa bega. "Mama yangu! Wewe hukumjua Atieno. Yule mwanamke kidevu chake kilikuwa kinaingia nyumbani kwanza, yeye anafuata. Tukigombana nilikuwa natazama kidevu, macho yalikuwa mbali huko juu. Hicho chako ni cha mtu mwingine."

Nikaandika kwenye karatasi: malaria, vijidudu vingi. Kuhusu kidevu sikuandika. Mtu akishtakiwa huwa mtaalamu wa kila kitu, nilijiambia.

Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni Bwana Ojwang', msaidizi wa meno. Alikuwa mzee wa Kijaluo, mrefu, aliyekuwa akizunguka vijijini kwa pikipiki, koleo mfukoni, kuanzia Nyangoto mpaka Gorong'a, aking'oa meno chini ya saa ya ukutani aliyobeba mwenyewe. Alisema mgonjwa akiona saa anajua mateso yana mwisho. Yeye mwenyewe hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, ingawa mimi ni Mkurya, na alinidharau kwa upendo.

Alirudi kutoka safari yake akakuta taya juu ya rafu. Akalishika, akaligeuza, akapitisha kidole gumba nyuma, pale taya linapopinda kupanda kuelekea sikioni.

"Nani huyu?"

"Mwanamke wa Itiryo. Yule wa Nyamhanga."

"Nani kasema mwanamke?"

"Kidevu. Milimita ishirini na tatu."

Hakubishana. Alivuta stuli, akaketi, akafungua mdomo. "Pima."

"Bwana Ojwang'..."

"Pima, nyara. Mguu mmoja wa chombo juu ya ufizi, mwingine chini ya kidevu. Usining'oe ulimi, nina kazi nao."

Nikapima. Nikapunguza kidogo kwa ajili ya nyama. Nikapeleka kwenye rula, kisha kwenye jedwali. Nikarudia. Mlinzi wa mlangoni, aliyekuwa ameingia kuomba kiberiti, akachungulia begani kwangu.

"Inasemaje?"

"Mwanamke," nikasema.

Mlinzi akavua kofia. "Shikamoo, mama Ojwang'."

Mzee akacheka kwa pengo lake lote. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Meno yakitoka, mfupa uliokuwa unayashika hauna kazi tena. Unaliwa, mwaka baada ya mwaka. Mimi niling'olewa nikiwa kijana. Kidevu changu kimekuwa kikipungua tangu kabla mama yako hajaolewa. Kitabu chako kimepima watu waliokufa na meno yao. Sasa njoo huku nyuma."

Akakiweka kidole changu kwenye pembe ya taya lile. Lilikuwa pana, limebinuka nje, na mfupa una matuta makali pale misuli ya kutafuna ilipokuwa imeshika. Jino halijawahi kukaa pale, kwa hiyo mfupa wa pale hauliwi. Kisha akakiweka kidole hicho hicho kwenye taya lake mwenyewe, chini ya ngozi. Matuta yale yale.

"Huyu alikuwa anatafuna nyama ya ng'ombe mzee," akasema. "Na wewe umempeleka Nyamhanga kwenye kamba kwa kosa la kumwua mwanaume mwenzangu aliyejifia kwa amani yake."

Nilikaa chini. Stuli ilikuwa moja na alikuwa ameikalia yeye, kwa hiyo nilikaa sakafuni.

Jibu moja halikutosha. Mzee alisema tukienda na taya moja na mdomo mmoja watasema kidevu cha Ojwang' ni cha Ojwang' peke yake, si cha Wajaluo wote. Tukaenda mnadani siku ya ng'ombe, tukaketi karibu na wauza samaki, mahali wazee wa Kijaluo wanapopenda kukaa. Mimi na kalipa, yeye na daftari. Nipime kidevu, kisha upana kutoka pembe moja ya taya mpaka nyingine, mwanaume, mwanamke, wote wasio na meno sita.

Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

"Binti, unanitafutia mke au jeneza?"

"Mwambieni huyu dada kwamba kodi ya kidevu sisi hatulipi."

"Wewe mura, usicheke, kesho wanapima na hicho chako!" Hilo lilikuwa la mama mmoja muuza samaki, akimwambia kijana wa Kikurya aliyekuwa amejishika kifua kwa kicheko.

Bibi mmoja alikataa kabisa mpaka nimwambie mwenzake amepata ngapi. Nilipomwambia, alifungua mdomo haraka ili amshinde. Mwingine aliuliza kama hii ni operesheni nyingine ya serikali, na kama ndiyo, videvu vinahamishiwa wapi.

Jioni daftari lilisema hivi: kwa kidevu, karibu wote walikuwa wanawake, wakiwemo wazee wawili wenye wake wanne kila mmoja. Kwa upana wa nyuma, wanaume wengi walitofautiana na wanawake waziwazi. Si wote. Andikeni hilo kwa wino mweusi: si wote. Kulikuwa na mama mmoja mwenye taya ambalo lingemfunga mtu mwingine.

Nikampelekea Daktari ripoti ya pili. Aliisoma akiwa ameketi safari hii.

"Jedwali ni jedwali," akasema.

"Jedwali linasema Bwana Ojwang' ni mwanamke, Daktari."

"Nimeshatia sahihi ile ya kwanza."

"Hata mimi niliiandika."

Alizungusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyejua kwamba sahihi ya pili inaifanya ya kwanza ionekane. "Nenda kaseme wewe mwenyewe mahakamani," akasema mwisho. "Ukieleweka, nitatia sahihi."

Basi nikaenda. Hakimu alikuwa anasikiliza maelezo ya awali, yale ya kuamua kama kesi ipelekwe juu. Nyamhanga alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa kwake. Nusu ya Itiryo ilikuwa imekuja, na kaka wawili wa Atieno kutoka Shirati walikaa mbele, mikono magotini.

Nilisema nimekosea. Ni neno fupi, lakini jaribuni kulisema mbele ya mwendesha mashtaka.

"Umekosea lini, sasa au mwanzo?" akauliza.

"Mwanzo."

"Na tutajuaje kwamba hukosei sasa?"

Nikaomba ruhusa, Bwana Ojwang' akapita mbele. Nikampima kidevu mahali pale, nikamkabidhi hakimu rula na jedwali asome mwenyewe. Alisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Bwana Ojwang', una watoto?"

"Kumi na mmoja, mheshimiwa."

"Kwa mujibu wa kitabu hiki, umewazaa mwenyewe."

"Wake zangu watashukuru kusikia, mheshimiwa. Wao walidhani ni wao."

Mahakama ikalipuka. Hakimu akagonga meza, lakini aligonga akiwa ameinamisha uso. Kaka wa Atieno ndio pekee ambao hawakucheka, na nilipowaona nikakumbuka kwamba kwao hili halikuwa igizo.

Kulipotulia nikaonyesha nyuma ya taya. Nikasema inaelekea sana ni la mwanaume. Mwendesha mashtaka akataka niape kwamba ni la mwanaume. Nikasema siwezi. Akauliza, kama siwezi kuapa, nimefuata nini. Nikamjibu kwamba mara ya kwanza nilikuwa na uhakika kabisa, ndiyo maana tuko hapa.

Hakimu akamgeukia kaka mkubwa wa Atieno. "Dada yako alikuwa na kidevu cha namna gani?"

Yule bwana akasimama. Alimtazama Nyamhanga, na ilionekana jibu linamgharimu. "Kirefu, mheshimiwa," akasema. "Kama changu." Na kweli, chake kilikuwa kirefu.

Hapakuwa na kitu kingine cha kumshika Nyamhanga ila taya. Akaachiwa.

Sikutegemea kumwona tena, na kama angekuja, nilitegemea ngumi. Alikuja siku ya pili asubuhi, amevaa shati lile lile, akasimama mlangoni mwa maabara.

"Nimekuja kuchukua mtu wangu," akasema.

"Mtu gani?"

"Huyo Mjaluo. Amelala bomani kwangu kabla yangu, nimekula juu yake, nimeoa juu yake, na nimefungwa kwa sababu yake. Hana mwingine. Atazikwa kwangu."

Polisi hawakuwa na haja na mifupa tena. Nikampa gunia. Alilifungua sakafuni, akatoa kimoja kimoja, kisha akanitazama.

"Hana taya."

Lilikuwa kwenye droo yangu. Nilikuwa nimelihifadhi niwafundishie watu kama ninyi, na mpaka leo naweza kuwaambia lingekuwa somo zuri kuliko maneno yangu yote haya. Nikaanza kumweleza. Hakubishana, na hiyo kwa Nyamhanga ilikuwa ajabu. Alinyoosha mkono tu, ukabaki pale hewani, mwembamba, alama ya pingu bado inaonekana. Nikafungua droo.

Tulikwenda kuzika mimi na Bwana Ojwang'. Mwenyekiti wa kijiji alitusubiri kwenye kiwanja kipya cha Nyamhanga na kamba ya kupimia, analalamika kwamba kaburi mbele ya nyumba litaharibu mstari.

"Litasogea ndani," akasema Nyamhanga. "Huyu hana haraka."

Nilishuka shimoni nikapanga mifupa kama ilivyotakiwa, nikaliweka taya mahali pake kwa mikono yangu. Ojwang' alisema maneno kwa Kijaluo, marefu kidogo.

"Umemwambia nini?" Nyamhanga akauliza.

"Nimemwambia atusamehe, alipimwa na mtoto wa Kikurya."

Watu wakacheka, nami nikacheka nikiwa bado chini. Nyamhanga akachukua jembe, akaanza kufukia. Kaka mkubwa wa Atieno alikuwa amekuja pia, sijui nani alimwambia. Alisimama pembeni, kisha akavua koti, akachukua jembe la pili.

Walifukia wawili. Udongo ulipojaa, Nyamhanga aliegemea mpini.

"Shemeji," akasema, "wanasema ameonekana Migori, huko Kenya, anauza mihogo. Wengine wanasema si yeye. Ukienda ukimkuta, mwambie nimekaa ndani kwa ajili yake na leo nimezika kwa ajili yake. Arudi tu, tugombane vizuri."

Tulicheka tena, wote tuliokuwa pale. Yeye alikuwa ameshageuka, anashindilia udongo kwa miguu.